Saa Iliyonihesabia Mahamri

Shilingi elfu sita na mia tano. Hiyo ndiyo gharama ya mambo yote nitakayosimulia hapa, na nimeijumlisha mara mbili, kwanza kwa kichwa, halafu kwa simu, kwa kuwa nilitumaini kichwa kimekosea. Saa ya mkononi, elfu mbili na mia nane. Raba za mtumba za kutembelea, elfu moja na mia mbili. Bando la kuilisha saa hiyo, mia sita. Vipimo vya sukari, elfu moja na mia tisa. Mahamri siyahesabu. Niliyala bure kwa dada yangu, na kama angeniuzia, huenda leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kwa pesa hizo nilipata kilo mbili na nusu. Si za kupungua. Za kuongezeka.

Naanzia kwa daktari. Ni binti mdogo, rika la mwanangu wa pili, lakini ana jicho la mkaguzi. Mimi ni mtu wa vidonge vya sukari kwa miaka kadhaa sasa. Navimeza, navisahau, navikumbuka. Siku hiyo akaitazama karatasi ya maabara, akanitazama mimi, akasema vidonge vimeanza kushindwa.

"Mama, nakupa miezi mitatu. Tukirudi hapa hali ikiwa hivi, tunaanza sindano."

Yeye alisema sindano. Mimi nilisikia mguu. Mama yetu alidungwa asubuhi na jioni, dada yangu akimshika mkono na mimi nikimdunga, na pamoja na kazi yote hiyo mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Daktari alinieleza kwa upole kwamba sindano haikati mtu mguu, kwamba inayokata ni sukari yenyewe na sindano ndiyo kinga. Nilimwelewa. Lakini pua yangu bado ina ile harufu ya spiriti kwenye pamba, na pua haielewi maelezo.

"Nifanye nini nisifike huko?"

"Punguza kilo sita. Tembea kila siku, robo tatu ya saa, usisimamesimame njiani. Punguza unga, mafuta na vitu vitamu."

"Kilo tatu."

"Mama, hapa si sokoni."

"Nne basi, na chai uniachie."

Akacheka, akaandika tano. Chai akaniachia, bila sukari, jambo ambalo ni sawa na kumwachia mtu kitanda ukaondoka na godoro.

Mimi nauza mapazia na mashuka ya mtumba katika soko la Jericho. Wateja wangu wa umri mdogo huja na saa nyeusi mkononi, wanazigusa kwa kidole, wanaambiana wamechoma kalori ngapi tangu asubuhi. Kitu chochote kinachohesabu hakinipiti. Nikawaza: mwili wangu nao ni duka, vitu vinaingia, vitu vinatoka, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikiuendesha kwa kubahatisha. Nikitafuta mhesabuji wa vinavyotoka, vinavyoingia nitavisimamia mwenyewe.

Fundi wa simu ana kibanda mkabala na meza yangu. Ni mwanamume mrefu wa kimo cha mlango, na mpana wa kuujaza. Tumeuziana na kuvutana kwa miaka mingi bila kugombana.

"Hii ngapi, fundi?"

"Kwako wewe mama yangu, elfu nne na mia tano."

"Kwangu mimi? Adui yako je, unamtoza ngapi?"

"Mama, hii kitu inapima moyo, inapima usingizi, inapima kalori. Inapima mpaka na hatua."

"Toa usingizi, huo nitaupima mwenyewe. Sasa ni ngapi?"

Nilimshusha mpaka elfu mbili na mia nane, akaniongezea mkanda wa pili wa rangi ya zambarau. Nilirudi kwenye meza yangu nikijiona nimemkomoa. Kumbe kazi ilikuwa haijaanza.

Akaniita nirudi, saa ifungwe na simu. Akaanza kuuliza maswali huku akibonyeza. Na aliyauliza kwa sauti ile ile anayotumia kumwita mteja aliye upande wa pili wa barabara.

"Mama, uzito?"

Mbele ya kibanda walikuwa wateja watatu, na mama mwenzangu wa mapazia aliyekuja kuchaji simu yake, ambaye tangu afungue meza karibu na yangu hajawahi kupoteza nafasi ya kusikiliza mambo yangu. Sasa mimi nisimame pale, katikati ya soko, nitangaze kilo zangu kama viazi?

"Weka za kawaida," nikamwambia.

Kwa asiyejua soko letu, hilo ni jibu kamili. Ukipeleka simu mpya kwa fundi, atakuuliza mambo chungu nzima: mlio gani, lugha gani, ulizaliwa lini. Hakuna anayejibu. Tunasema weka za kawaida, naye anaweka, na simu inaita. Nimenunua simu nne kwa njia hiyo na hakuna hata moja iliyowahi kunidai cheti cha kuzaliwa. Fundi akabonyeza, akanivisha, akasema, "Tayari. Choma sasa."

Siku ya kwanza niliamka alfajiri, nikawasha simu, nikakuta kalori mia nne na ushei zimekwisha kuchomwa. Nilikuwa bado nimekaa kitandani. Nikaiuliza simu kama ina hakika. Nikatazama tena, zimeongezeka nne. Nikahesabu mambo niliyofanya usiku: nililala, nikaamka mara moja, nikalala tena. Nilifurahi, sitaficha. Nikasema basi mwili huu ulikuwa ukifanya kazi kubwa miaka yote na hakuna aliyekuwa akiushukuru.

Naishi Kware, ghorofa ya sita, katika jengo lisilo na lifti wala dalili ya kuwa nayo. Kila asubuhi njia ya kuelekea Industrial Area hujaa watu wanaokwenda viwandani kwa miguu, wengine wana kazi, wengine wanakwenda kusimama getini waone kama wataitwa. Nikawa naingia katikati yao na raba zangu, natembea nao hadi kwenye viwanda, kisha napanda gari la kwenda Jericho. Wale watu wanatembea! Ukizubaa kufunga kamba ya kiatu wamekuacha. Mwanamume mmoja aliniona nikiitazama saa kila mara, akaniuliza kama nimechelewa kazini.

"Nachoma kalori."

"Aha," akasema. "Sisi zetu hununua unga."

Lakini kabla ya kufika barabarani nilikuwa na lango la kupita. Dada yangu mkubwa anauza mahamri na mbaazi chini ya jengo letu, pale pale mlangoni. Hakuna njia nyingine ya kutoka. Dada huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipoanza kuugua, na kwake hamri si chakula tu, ni salamu. Ukipita bila kula amekuona mgonjwa, au mmegombana, au umepata fedha umeanza kuringa. Kabla ya saa nilikuwa nabishana naye kila asubuhi, yeye akisema kula, mimi nikisema daktari, na mara nyingi nilikuwa nikishinda. Saa ilipokuja, ikahamia upande wake.

"Hebu nione hiyo kitu yako inasemaje leo," akanishika mkono, akavaa miwani. "Mia nne na thelathini! Mdogo wangu! Kabla hata hujatoka mlangoni!"

"Ndiyo ninavyokwambia."

"Na hamri langu moja lina ngapi?"

Tulimwuliza binti yake mwenye simu nzuri, akatuambia hamri lina kama mia mbili. Dada akapiga hesabu mbele ya wateja wake, kwa sauti, akichapa mwiko kwenye ukingo wa karai.

"Basi mawili ni halali yako. Si mimi niliyesema. Saa ndiyo imesema. Kaa."

Nikakaa. Ningekataaje? Nilikuwa nimenunua mhesabuji, na mhesabuji anasema nina akiba. Kazi yangu yote ya soko ni hiyo: ukiuza, unajua cha kutumia. Nilikula mawili, siku za kutembea sana matatu. Jioni nikirudi, naangalia tena, nakuta saa imenipa nafasi ya wali. Sikula ovyo hata siku moja. Sikula hata tonge ambalo saa haikuwa imeliidhinisha.

Ila haikuchukua muda nikaanza kuishuku. Maji ya bomba yalikatika jengo zima, tukawa tunachota chini. Nikapanda ghorofa sita na mtungi wa lita ishirini mkono huu na mwingine mkono ule, napumzika kila ngazi, jasho linaingia machoni. Nikafika juu, nikaangalia saa. Karibu hakuna kitu! Hatua chache, kana kwamba nilikuwa nimebebwa. Mikono ilikuwa imeshika mitungi haipepei, na saa ikaamua kwamba mtu asiyepepea mikono hafanyi kazi.

Siku iliyofuata nilikuwa sokoni, nimekaa kwenye kiti, mteja mmoja wa Umoja anataka pazia la elfu moja kwa mia tatu. Nikamkunjulia moja, nikalikung'uta, nikamkunjulia lingine, nikapandisha mkono mbinguni, nikamshuhudisha Mungu kuhusu bei niliyonunulia, nikapiga meza. Saa ikatetemeka. Nikaitazama, nakuta maua na rangi, inanipongeza kwa mazoezi mazuri.

Niliikasirikia sana. Kubeba maji ni bure, kubishana ni mazoezi? Huyo aliyeitengeneza amewahi kuishi ghorofa ya sita? Amewahi kubeba kitu kizito kuliko hicho kisaa chenyewe? Nikamfuata fundi.

"Mama, hiyo ni teknolojia," akasema. "Inakisia. Lakini kwa jumla iko sawa. Pale ikikuibia, pengine itakurudishia."

Hiyo lugha ya kukurudishia pengine naijua, naitumia mwenyewe kwa wateja. Ningepaswa kumvulia saa yake palepale. Lakini nilikuwa na miezi mitatu ya kushinda, na namba zilikuwa zinapanda kila siku, na dada yangu alikuwa anafurahi. Nikaendelea.

Siku ya kurudi kliniki nilivaa raba zangu na kichwa changu nikakishika juu. Nikapanda kwenye mizani ya daktari. Akaandika. Nikashuka, nikapanda tena.

"Mizani yako imelegea," nikasema.

"Imepimwa wiki iliyopita, mama. Umeongezeka kilo mbili na nusu. Na sukari imepanda." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, alikuwa na uso wa mtu anayetafuta karatasi nyingine ya kuandikia. Nilijua ni karatasi gani.

"Subiri," nikasema. "Usiandike. Mimi nina ushahidi."

Nikamfungulia simu. Nikamwonyesha siku moja moja, mistari yote, rangi zote, miezi mitatu ya jasho langu. Akasogeza kiti karibu. Akatazama muda mrefu.

"Hii namba kubwa unayoila," akasema, "ni jumla ya vyote. Imo na ile ambayo mwili unachoma ukiwa umelala, ukipumua tu. Hiyo huwezi kuilia mahamri, mama, hiyo ni ya kukuweka hai. Mazoezi ni hii ndogo hapa chini."

Ndogo hapa chini! Imeandikwa kwa herufi za kutafutwa na miwani miwili. Kwa hiyo ile mia nne ya alfajiri niliyokuwa nikiamka nayo kama mshahara, ilikuwa ni pumzi zangu mwenyewe, wamenihesabia kisha wakanipongeza.

"Lakini hata hivyo," akaendelea, "namba ni kubwa mno." Akabonyeza mahali, akakunja uso. "Mama, huyu ni nani?"

Nikasoma. Mwanamume. Miaka thelathini na tisa. Urefu wa mtu wa kuchuna maembe bila ngazi. Kilo mia moja na kumi na mbili.

"Huyo si mimi," nikasema.

"Naona si wewe."

Nilimjua. Nilikuwa nikimwona kila siku mkabala na meza yangu, ameujaza mlango wa kibanda chake. Nimetembea miezi mitatu nikichoma kalori za fundi wa simu. Nimekula mahamri ya mtu mwenye kilo mia moja na kumi na mbili, na mwili uliokuwa ukiyapokea ulikuwa huu wangu.

Daktari alijaribu kutocheka, akashindwa, akaomba radhi. Mimi sikucheka. Nikamshika mkono wenye kalamu.

"Nipe miezi mitatu mingine. Hii haikuwa yangu, ilikuwa ya mwanamume mwingine."

"Siwezi, mama. Sukari imepanda. Mwezi mmoja."

"Miwili, tusivunjane."

"Wiki sita. Zikiisha, sitaki kuona simu, nataka kuona mizani. Na kama haijashuka, tunaanza sindano siku hiyo hiyo, bila mjadala."

Nimepatana bei maisha yangu yote. Sijawahi kutoka mahali na kitu kidogo hivyo nikakishika kwa nguvu hivyo.

Kutoka kliniki nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Palikuwa na watu, kama kawaida, na mama wa mapazia naye alikuwepo, simu yake kwenye chaja. Nadhani simu ile haijawahi kujaa.

"Fundi, umeniuzia mwili wako."

Watu wote wakageuka. Nikamwekea simu mbele ya macho. Akaisoma, akajikuna shingo.

"Lakini mama, ulisema niweke za kawaida."

"Na za kawaida ni zako?"

"Sasa ningeweka za nani? Mimi ni mtu wa kawaida."

"Kawaida yako wewe! Kilo mia moja na kumi na mbili, mwanamume! Mimi nina ndevu?"

"Mama, simu ilikuwa imekwama hapo, haiendi mbele bila namba. Na ungenikasirikia ningekuuliza mara ya pili."

"Nirudishie pesa yangu."

"Saa ni nzima, haina kosa. Nitakuwekea upya, bure kabisa." Akaichukua, akafuta, akafika pale pale pa siku ile. Akaninong'oneza, maskini, akijitahidi: "Mama... uzito?"

Mama wa mapazia alisogea. Nikaona mzaha wa jambo zima: kwa ajili ya kumficha mwanamke mmoja namba moja, nimeongeza kilo mbili na nusu na kupoteza miezi mitatu ambayo hakuna duka linaloiuza.

"Themanini na tisa na nusu," nikasema, kwa sauti ya soko. "Mwanamke. Hamsini na tatu. Ambaye hakusikia aje nimwambie tena."

Hakuna aliyecheka. Mama wa mapazia akatazama chaja yake, kisha akasema polepole, "Mimi niko tisini na sita," na fundi, asijue la kufanya, akaanza kuandika na hiyo.

"Si hapo!" tukampigia kelele sote wawili.

Pesa hakunirudishia. Aliniambia ataichukua kwa mia nane, kama mtumba. Mia nane, saa iliyovaliwa miezi mitatu na mwanamke msafi. Bado tunavutana. Kwa sasa imo mkononi, na sasa inasema ukweli, au inakaribia kuusema: matembezi yangu yote ya asubuhi, kutoka mlangoni hadi kwenye geti la kiwanda, ni hamri moja na kipande. Hamri moja na kipande! Watu wale wote tunaotembea nao, na kasi ile yote.

Jioni hiyo nilimweleza dada yangu. Nilimweleza yote, kilo, fundi, pumzi, wiki sita. Nilipofika kwenye sindano aliacha kukanda unga. Alikaa na mikono ndani ya beseni. Najua alikuwa wapi. Alikuwa amemshika mama mkono.

"Basi hutakula tena hapa," akasema.

"Sitakula."

"Hata moja."

"Hata moja, dada."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaona limekwisha. Asubuhi yake nikashuka, nikamsalimu, nikapita, na nilikuwa nimeshatoka mlangoni nilipomsikia akiniita. Alinifuata mwenyewe, na aproni yake, kati ya watu wanaokimbilia kazini, akanitia mkononi kitu cha moto kilichofungwa kwa gazeti.

"Hili si la kula," akasema. "Ni la njiani tu. Usije ukaanguka huko peke yako."

Nilitaka kumrudishia. Nikamtazama usoni, nikakumbuka vile alivyokuwa ameukalia ule unga jana yake, nikashindwa. Nililibeba mpaka Industrial Area likiwa linapoa, nikampa yule mwanamume wa siku ile, naye akalila kwa matonge mawili bila kuuliza lina kalori ngapi. Kesho yake dada akaniletea mawili.

Wiki ya kwanza kati ya zile sita imekwisha. Fundi nitammaliza mwenyewe, kwake sihitaji wakili. Lakini kwa dada nimekwama, na lango la jengo letu ni lile lile moja. Wewe unayesoma, ikiwa una dada mkubwa aliyekulea na umewahi kukataa chakula chake asubuhi baada ya asubuhi, naye akabaki dada yako, tafadhali niambie ulimwambia maneno gani. Niambie upesi.